Gauni Lisilopwaya

Mtaani walimwita Sentimita, na hakulikataa jina hilo kwa sababu lilikuwa na haki. Utepe wa kupimia ulikuwa shingoni mwake tangu anapomaliza kunywa chai ya asubuhi mpaka anapokwenda kuoga jioni, na waliomzoea walisema hata akikusalimu, macho yake hutangulia mabegani mwako. Mumewe alikuwa msoma mita wa idara ya maji. Basi nyumba yao, ile yenye mlango wa kijivu mwisho wa lami, ikaitwa nyumba ya Mita na Sentimita, na mgeni aliyeulizia njia alianza kucheka kabla hajafika.

"Mita moja ni sentimita mia," mume alipenda kuwaeleza wageni. "Ndiyo maana humu ndani mimi niko peke yangu na yeye yuko mia."

Chumba cha mbele kilikuwa duka. Cherehani nyeusi ya kukanyaga ilikaa chini ya dirisha, meza ya kukatia ilikaa katikati, na kwenye kona, nyuma ya pazia, palikuwa na kioo kirefu na msumari wa kutundikia nguo ya mteja anayejaribu. Ukutani lilining'inia daftari la vipimo lenye jalada gumu. Humo walikuwamo watu wa mtaa mzima, kwa mpangilio wa herufi: mabega yao, vifua vyao, viuno vyao, na maelezo madogo kama "bega la kushoto limeshuka" au "asiambiwe kiuno". Vipimo vya fundi mwenyewe havikuwamo. Alijipima kwa macho na kujikatia kwa macho.

Aliamini jambo moja bila kuyumba: mteja akiingia dukani haangalii cherehani, anaangalia fundi kavaa nini. Kwa hiyo nguo zake zilimkaa kama zimekua naye. Wifi yake, dada mkubwa wa mume, aliyepiga pasi katika chumba cha kufulia cha hoteli moja ya mjini, alisema Sentimita akivaa gunia watu watauliza kitambaa kimetoka wapi.

Palikuwa na tofauti moja tu kati ya nguo zake na za wateja, nayo ilikuwa ndani, mahali pasipoonekana. Nguo ya mteja ilishonwa kwa uzi wa rangi yake hata kama ni mshono wa sentimita mbili. Ya kwake, ikihitaji marekebisho, ilipita chini ya sindano na uzi wowote uliokuwa kwenye mashine siku hiyo. Nani atamgeuza nje ndani amkague? Tena hakufumua mshono wa zamani wala hakukata kitambaa kilichozidi. Alipitisha mshono mpya pembeni ya ule wa zamani, basi.

Maumivu ya mgongo yalianza mwanzoni mwa mwaka, wiki ile ya sare za shule. Alikuwa na miaka arobaini na minane. Alishona siku tisa mfululizo, na siku ya kumi alipoinama kuokota mkasi, kitu kilimchoma katikati ya uti wa mgongo. Alikwenda zahanati. Tabibu alimuuliza maswali mawili. La kwanza lilikuwa wapi panauma, la pili anafanya kazi gani.

"Fundi cherehani," alisema.

Tabibu akaweka kalamu chini kama mtu aliyepata alichokuwa akikitafuta. "Mgongo wa cherehani huo, mama. Unainama tangu lini?"

"Mwaka wa ishirini na sita huu."

"Basi mgongo nao unadai likizo."

Akapewa vidonge vya maumivu na ushauri wa kuweka mto kwenye kiti. Ushauri haukuwa mbaya. Kabla ya kuondoka zahanati aliona kwenye kioo cha mlango kwamba gauni lake la bluu, lile la safari za maana, limeacha nafasi ya kidole kimoja kiunoni. Alijua sababu: sare zilimnyima muda wa kula. Alipofika nyumbani alilivua, akalipitisha kwenye mashine, sentimita moja kulia, sentimita moja kushoto. Uzi uliokuwa kwenye mashine ulikuwa wa kijani, wa sare. Kazi ya dakika sita.

Miezi miwili baadaye, wakati wa majoho ya kwaya, alianza kuamka na shuka imelowa jasho. Nesi wa zahanati ileile alitabasamu. "Umri, mama. Usiogope, wote tunapita hapo."

Wifi alipoambiwa alipiga makofi. "Karibu chamani! Mimi nina mwaka wa tatu. Nunua feni, na ukigombana na kaka yangu sema ni homoni."

"Nikigombana naye nitasema ni yeye."

"Hilo nalo kweli."

Walicheka. Na kwa sababu lilikuwa jambo la kuchekwa, hakuna aliyelirudia. Wiki hiyo gauni la bluu lilipita tena chini ya sindano. Uzi wa joho ulikuwa maruni.

Katikati ya mwaka homa ikaja. Haikuwa kali. Ilikuwa homa ya adabu, inayobisha hodi saa kumi na moja jioni na kuaga kabla ya chakula, chakula ambacho Sentimita naye hakukitaka tena. Mara hii mume alimpeleka kwa daktari wa kulipia, mtu mwenye meza safi na subira, aliyempima kila kitu. Damu, sukari, virusi, vyote vikatoka salama. Picha ya kifua ikatoka safi. Kisha daktari akachukua fomu na kumuuliza kwa utaratibu.

"Unakohoa?"

"Hapana."

"Nyumbani kuna anayekohoa?"

"Hakuna."

"Kuna ndugu aliyewahi kuugua kifua kikuu? Umewahi kuishi na mgonjwa, au kufanya kazi hospitali, gerezani, mgodini?"

"Mimi nafanya kazi chumbani kwangu, daktari. Mgodi wangu ni kisanduku cha vifungo."

Daktari akatabasamu, akaandika. "Nguo zimeanza kukupwaya?"

Sentimita alijitazama. Gauni la bluu lilikuwa limemkaa mabegani, limemshika kiunoni, limeshuka sawasawa mpaka chini ya magoti. Swali lilihusu nguo, na kuhusu nguo hakuwahi kusema uongo.

"Hapana," alisema.

Daktari naye alimtazama, akaona kile ambacho mtu yeyote angekiona: mwanamke mfupi, nadhifu, aliyevaa nguo ya saizi yake. Akaweka alama ya vema kwenye kisanduku. Alimwandikia dawa za homa ya matumbo, na kwa wiki nzima alipata nafuu. Wiki ya pili homa ilirudi kwa wakati wake uleule. Katika wiki hiyo mashine ilikuwa na uzi wa kijivu, wa sare za walinzi wa benki, na gauni likapita kwa mara ya tatu.

Je, hakujua? Alijua na hakujua. Mikono yake ilijua. Mikono ilichukua nguo, ikaingiza pini, ikashona, ikakata uzi kwa meno, na haikumpelekea habari mwenyewe. Kwa miaka ishirini na sita nguo ikipwaya ilikuwa kosa la nguo. Hakuwa na mazoea ya kulaumu mwili.

Mumewe aliona amependeza. Siku moja alisema, "Umerudi kuwa kama wakati ule nilipokuja kusoma mita kwenu mara tatu ndani ya mwezi mmoja."

"Na baba akauliza haya maji gani yanayosomwa kila Jumamosi."

Kwa hiyo mume naye, aliyezoea kusoma namba kila siku na kujua mara moja bomba linapovuja, hakuona kitu.

Mwezi wa tisa mgongo ulimzuia kuinuka kitandani bila kushikwa. Wakaenda hospitali kubwa. Walimpima uzito: kilo arobaini na saba. Kwa mwanamke wa kimo chake haikumshtua mtu, na hapakuwa na namba ya zamani ya kuilinganisha nayo, maana kila mahali alipopita alifunguliwa kadi mpya. Picha ya mgongo ilionyesha pingili mbili zimeliwa, kama sabuni iliyoachwa kwenye maji. Daktari kijana aliyeishika picha hiyo hakutaja saratani. Alisema "uvimbe ambao huenda umetoka sehemu nyingine", akatazama pembeni, akauliza tena habari za uzito na nguo. Sentimita akajibu alivyojibu siku zote.

Daktari aligonga magoti yake kwa kinyundo, miguu ikaruka vizuri. Akasema ni lazima wachukue kipande kidogo cha mfupa wakapime, na foleni ya kipimo hicho ina tarehe mbili, ya haraka na ya kawaida. Kwa kuwa miguu ina nguvu na mwili haujapungua, akampa ya kawaida. Wiki tatu.

"Lakini ukisikia ganzi miguuni, usingoje tarehe," alimwambia. "Uti wa mgongo ukibanwa, miguu inaweza kuondoka moja kwa moja. Umenielewa, mama? Siku hiyohiyo uje."

Alielewa. Ganzi ilikuja siku ya sita.

Alikuwa akishona mapazia meupe ya ukumbi wa mikutano, marefu, kazi ya kunyoosha tu isiyohitaji akili. Wanaotumia cherehani ya kukanyaga hawafikirii miguu yao kama vile mtu asivyofikiria kupumua. Kisigino kinashuka, vidole vinashuka, gurudumu linazunguka. Asubuhi hiyo mguu wa kulia ulichelewa. Ulichelewa kidogo tu, lakini gurudumu likasita, likarudi nyuma, uzi ukakatika. Akautunga tena. Ukakatika tena. Aliinama akaushika mguu kwa mikono miwili, akauweka kwenye kanyagio kama anavyoweka mguu wa mtoto kwenye kiatu.

Hakumwambia mumewe. Tarehe ilikuwa imebaki wiki mbili, na kule hospitali lilikuwa linamngoja neno ambalo daktari kijana hakulitaja. Akaamua kulikuta kwa wakati wake. Alishona polepole, akatumia mkono kuzungusha gurudumu, na jioni yake mwalimu mkuu mstaafu akarudisha suruali aliyoichukua mchana.

"Fundi," alisema akiigeuza ndani kwenye mwanga wa mlango, "hebu niambie ukweli. Mshono huu ulilewa, au ulikuwa unakimbizwa?"

"Niachie, mwalimu. Nitaurudia."

"Miaka kumi na saba sijawahi kurudisha kitu hapa."

"Najua. Niachie."

Alipotoka, Sentimita alikaa akiitazama ile suruali. Mshono ulikwenda sawa vidole vinne, ukapinda, ukasimama, ukaanza tena. Asingeweza kusema huo ni mgongo wa cherehani. Aliogopa, na hakuogopa kufa, kwa sababu kufa hakukuwa na umbo. Aliogopa kukaa kwenye kiti kile chini ya dirisha, miguu yake miwili ikiwa imelala juu ya kanyagio kama viatu vya mtu mwingine.

Wifi alikuja kesho yake, siku yake ya mapumziko. Alimkuta amelala, akamfokea kwa mapenzi, akafagia duka, akaosha vyombo, kisha akatoa kapu la nguo safi na kuwasha pasi. Pasi ilikuwa ugonjwa wake. Hakuweza kukaa katika nyumba yenye nguo iliyokunjamana. Kama walivyofundishwa hotelini, alipiga kwanza ndani, ndipo nje.

Sentimita alisikia pasi ikigonga meza, ikigonga, kisha ikanyamaza.

"Wifi."

"Abee."

"Hili gauni la bluu kakushonea nani?"

"Asubuhi hii umeamka na utani."

"Siulizi utani." Wifi aliingia chumbani ameligeuza gauni nje ndani, ameshika ubavu wake kwa mikono miwili. "Humu ndani mna barabara. Moja ya bluu, hiyo ya asili. Halafu kijani. Halafu maruni. Halafu kijivu. Na hii nyeupe bado ina vumbi la chaki. Nini hii?"

"Nimelipunguza."

"Mara nne?"

"Lilikuwa limeanza kulegea."

Wifi aliliweka gauni kitandani. Alifungua kabati, akatoa nguo moja, akaigeuza. Akatoa nyingine. Sketi, blauzi, gauni la hudhurungi, koti jepesi. Alizitandaza kitandani juu ya miguu ya mgonjwa, zote matumbo nje, na kila moja ilikuwa na mistari yake: kijani, maruni, kijivu, nyeupe. Zilionekana kama madaftari ya watoto.

"Uliniambia hujapungua," alisema taratibu.

"Waliniuliza kama nguo zinanipwaya."

"Zitakupwaya vipi? Kila zikikuachia nafasi unazifukuza kwa sindano!" Sauti ilipanda, kisha ikavunjika. "Mimi nimenyoosha nguo za watu miaka kumi na tisa. Najua nani ana kitambi, nani kaachwa, nani anakula kwa siri. Wewe nilikuwa nakupigia pasi nje tu, kwa sababu nguo zako hazijikunji. Simama."

"Siwezi kusimama vizuri."

"Tangu lini?"

Wifi akafunua shuka, akabonyeza ukucha kwenye unyayo wa kulia, akamtazama usoni. Akabonyeza tena, kwa nguvu.

"Husikii?"

"Nasikia kwa mbali."

Mume alirudi kutoka mzunguko wake wa asubuhi akamkuta dada yake mlangoni, mkononi ana mfuko wa nguo zilizogeuzwa. "Usikae," alimwambia. "Tafuta gari. Na usiniulize, nitakwambia njiani."

Wodini walipokelewa na daktari wa zamu, mwanamke mrefu wa maneno machache, mwenye koti jeupe lililokosa kifungo cha pili. Sentimita alikiona kifungo hicho kabla hajauona uso. Daktari alisikia habari ya mguu, akaupima, na uso wake ukabadilika kidogo. Kisha wifi akamwaga nguo kitandani.

"Hizo za nini, mama?"

"Soma," alisema wifi. "Mimi siwezi kueleza kitaalamu. Soma tu."

Daktari aliinua gauni la bluu. Mwanzoni alilitazama kama mtu anayeonyeshwa bidhaa. Halafu akaketi.

"Mstari huu wa kijani ni wa lini?"

"Sare za shule," alisema Sentimita. "Wiki ya pili ya mwaka."

Daktari akaandika. "Maruni?"

"Majoho ya kwaya. Mwezi wa tatu, kati ya tarehe kumi na ishirini."

"Kijivu?"

"Walinzi wa benki. Mwezi wa saba mwanzoni."

"Na nyeupe?"

"Mapazia. Wiki iliyopita."

"Kila mstari umeingia kiasi gani?"

Sentimita alivua utepe shingoni, akampa. "Wa kijani, wa maruni na wa kijivu, sentimita moja kila mmoja. Ukihesabu mbele na nyuma, kulia na kushoto, ni nne. Huo mweupe moja na nusu, kwa hiyo sita. Jumla kumi na nane."

"Kumi na nane kiunoni kwa miezi tisa," daktari alisema, kama anayejisomea. "Mama, wagonjwa wangu wengi hawakumbuki hata homa ilianza mwezi gani." Akasimama kumrudishia utepe, na alipokuwa akimvalisha shingoni mkono wake ukasita juu ya mfupa wa bega la kushoto. Akabonyeza. "Hiki kipo tangu lini?"

Palikuwa na kivimbe, kama njegere mbili chini ya ngozi.

"Utepe unanichubua hapo."

"Utepe hauchubui kutokea ndani."

Mambo yakaenda mbio baada ya hapo. Kivimbe kilichomwa sindano na maji yake yakapelekwa maabara. Kifua kilipigwa picha upya, na safari hii mapafu yote mawili yalikuwa yametapakaa vidoa vidogovidogo, kama mtu amemwaga ulezi. Miezi mitatu nyuma havikuwa vikionekana. Siku ya pili daktari alivuta kiti, mume na wifi wakasimama upande wa pili wa kitanda.

"Ni kifua kikuu," alisema.

Wa kwanza kuzungumza alikuwa Sentimita. "Lakini sikohoi."

"Si lazima ukohoe. Kimepita kwenye damu, kikasambaa. Mgongo, tezi, na nadhani ini pia. Jasho, homa, mgongo, kupungua, vyote ni kitu kimoja."

"Nimekitoa wapi?"

"Sijui, na huenda tusijue. Kinaweza kulala mwilini miaka mingi kabla ya kuamka. Wewe umepima mabega ya watu miaka mingapi? Ishirini na sita? Unasimama nao uso kwa uso. Yeyote kati yao, au mtu aliyekaa karibu yako ukiwa msichana."

Mume alikuwa amefunika uso kwa kofia ya kazi. Walidhani analia kwa huzuni, kumbe alikuwa akilia kwa nafuu, maana alikuwa amejiandaa kwa neno jingine. Wifi alipenga kamasi.

"Kifua gani hiki kinachokaa mgongoni?" alisema. "Kimekosea nyumba."

Sentimita akacheka, ikamuuma, akaendelea kucheka. Alipomaliza aliuliza lile alilokuja nalo. "Na mguu?"

Daktari hakumpamba. "Ungengoja ile tarehe, ningekuwa na jibu, na usingelipenda. Sasa hivi sina jibu. Dawa zinaanza leo, mkanda wa mgongo unavaa leo. Tutaona."

Hakuna hata mmoja kati ya wale wa mwanzo aliyekuwa mzembe. Tabibu aliona fundi mwenye mgongo, nesi aliona mwanamke wa miaka arobaini na minane, daktari wa meza safi aliuliza maswali yote yanayopaswa kuulizwa. Kila mmoja alikuwa na sababu. Zikiunganishwa, sababu hizo zilikuwa miezi tisa.

Dawa zilikuwa za mwaka mzima. Za mwanzo zilimchafua tumbo na kugeuza mkojo rangi ya soda ya chungwa, jambo ambalo wifi alilitangaza wodi nzima kama ajabu la familia. Mume na wifi walipimwa, wakatoka salama. Aliporuhusiwa kurudi nyumbani, mwenyekiti wa kwaya alituma mtu kuchukua kitambaa cha majoho mapya ambacho hakijakatwa. Wifi alimpokea yule mtu mlangoni.

"Mwambie hakohoi, na dawa ameanza. Daktari amesema hamwambukizi mtu."

"Nimetumwa kitambaa tu, dada."

"Kichukue. Lakini mwambie kwamba aliyemwambukiza wifi yangu alikuja hapa kupimwa mabega kama yeye."

Sentimita, aliyekuwa kitandani, alisema wifi asigombane na watu wenye sauti. Wateja sita hawakurudi mpaka mwaka ulipokwisha. Mwalimu mkuu mstaafu alirudi wiki ya pili, akaketi karibu naye bila kusogeza kiti, akasema suruali inaweza kungoja.

Mguu ulingoja zaidi. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alikuja na mpira na kamba, Sentimita akayafanya mazoezi kwa utii, lakini siku moja aliuliza kama kanyagio la cherehani linahesabika. Yule mtaalamu alifikiri. "Toa uzi," alisema. "Toa na mkanda wa gurudumu. Kanyaga hewa." Basi kila asubuhi, akiwa amefungwa mkanda wake wa mgongo kama kifurushi cha posta, alikaa chini ya dirisha akikanyaga hewa. Majirani waliopita waliona kichwa kikitikisika na hawakusikia mashine. Mwezi wa tatu wa dawa kisigino kilianza kusikia ubaridi wa chuma. Mwezi wa tano alirudisha mkanda wa gurudumu. Mwezi wa saba aliurudia mshono wa suruali ya mwalimu, ukanyooka kutoka kiunoni mpaka pindo, isipokuwa mahali pamoja ambapo yeye peke yake angeweza kupaona.

Mwili nao ulirudi. Aliufumua mstari mweupe kwa wembe, baadaye ule wa kijivu, na karibu na mwisho wa dawa ule wa maruni. Wa kijani ulibaki. Lakini siku alipovaa gauni la bluu na kusimama mbele ya kioo, aliona kosa jingine. Pindo lilikuwa juu kwa nyuma, vidole vitatu. Alilivuta chini, likapanda. Pale ambapo pingili mbili ziliwahi kuliwa, mgongo ulikuwa umepinda ukatoa kinundu kidogo, na kinundu hicho kilikula urefu wa kitambaa. Daktari alishasema hakitaondoka. Alikuwa amesikia, lakini kusikia si sawa na kuona pindo.

Angeweza kushusha pindo kwa nyuma, dakika sita, na uzi uliokuwa kwenye mashine.

"Wifi," aliita.

"Nini tena?"

"Njoo unipime."

Wifi alitoka jikoni akipangusa mikono. "Mimi? Nikupime wewe?"

"Mtu hawezi kujipima mgongo. Anzia hapa shingoni, kwenye mfupa, shuka mpaka kiunoni. Usivute."

"Unanifundisha kushika utepe?"

"Umeushika kichwa chini. Unasomea kwenye mia na hamsini."

"Basi ndiyo urefu wako." Aliugeuza. Vidole vyake, vilivyozoea joto, vilipita juu ya kinundu bila kukirukia. "Arobaini na mbili."

"Na mbele?"

"Thelathini na saba."

"Pima tena nyuma."

"Arobaini na mbili, wifi. Haitabadilika ukiniuliza mara tatu."

Sentimita alikwenda ukutani, akashusha daftari, akatafuta ukurasa wenye nafasi. Aliandika mbele thelathini na saba, nyuma arobaini na mbili, na pembeni, kwa mwandiko mdogo wa maelezo: "mgongo umepinda kidogo katikati; uzito kilo hamsini na sita." Kisha akaandika tarehe.

Kitambaa kipya kilikuwa cha rangi ya zambarau. Alikikata mchana huohuo, kipande cha nyuma kirefu kuliko cha mbele. Alipoketi kwenye mashine, bobini lilikuwa na uzi wa njano wa mteja. Akautoa. Akatafuta kwenye kisanduku mpaka akapata wa zambarau, akautunga, akaweka mguu wa kulia kwenye kanyagio, kisigino kwanza.